Je, wajua kwa nini mgonjwa anayelishwa kwa mshipa hapewi mahitaji yake yote siku ya kwanza?

Ndugu wa mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula hutamani aanze kulishwa vya kutosha mara moja, na ni rahisi kuelewa tamaa hiyo. Hata hivyo, wataalamu wanaopanga lishe ya mishipani, yaani lishe inayoingizwa moja kwa moja kwenye damu, mara nyingi huanza na kiasi kidogo kuliko kile kilichopatikana katika hesabu zao wenyewe.

Sababu yake inaanzia utumboni. Mtu anapokula, tumbo huachilia chakula kidogo kidogo, utumbo hukisaga na kukifyonza kwa mwendo wake, kisha ini hupokea sehemu kubwa ya virutubisho kabla havijasambaa mwilini. Chakula kikizidi, mtu hushiba, hutapika au huharisha. Lishe ya mishipani haipiti katika vizuizi hivyo: kiasi kilichoandikwa ndicho kinachoingia kwenye damu, uwe mwili una uwezo wa kukitumia au hauna. Kwa hiyo njia hii huwekewa mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba, umekatwa ukabaki mfupi mno, umetoboka, au haujakomaa kama ulivyo wa mtoto njiti. Ambaye utumbo wake unafanya kazi lakini hawezi kumeza, hulishwa kwa mrija unaofika tumboni.

Inafaa kueleza hapa kwamba dripu ya kawaida si lishe. Lita moja ya maji yenye glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi, na kwa kuwa gramu moja ya glukosi ya dripu hutoa kilokalori 3.4, lita nzima inatoa kilokalori 170 tu, bila protini wala mafuta. Mtu mzima angehitaji zaidi ya lita tisa kwa siku ili apate nishati ya kumtosha, kiasi ambacho kingemletea madhara makubwa. Suluhisho ni kukoleza mchanganyiko, lakini mchanganyiko mkali huunguza vena ndogo za mkononi, na kwa kawaida ukolezi unaozidi takriban miliosmoli 900 kwa lita (kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyushwa) hauruhusiwi kupita humo. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupelekwa hadi kwenye vena kubwa iliyo karibu na moyo, ambako damu ni nyingi na huuzimua mchanganyiko papo hapo. Njia hiyo ndiyo iliyomwezesha Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba watoto wa mbwa, na baadaye mtoto mchanga wa binadamu, wanaweza kukua kwa kulishwa kupitia mshipa peke yake. Nchini Sweden, Arvid Wretlind alikuwa ametengeneza mchanganyiko wa mafuta ulio salama kuingizwa kwenye damu.

Mahitaji ya mgonjwa hukadiriwaje? Kipimo bora ni mashine inayopima oksijeni anayoitumia na hewa ya kaboni anayoitoa, kisha kukokotoa nishati anayoichoma. Hospitali nyingi hazina mashine hiyo, hivyo hutumia milinganyo, ukiwemo ule wa Harris na Benedict wa mwaka 1919, au hesabu fupi ya kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mlinganyo wa 1919 ulitokana na vipimo vya watu wenye afya, ilhali mgonjwa ana homa, majeraha, au amelala bila kujigeuza. Hata uzito wenyewe hudanganya, kwa sababu mgonjwa aliyevimba hupimwa pamoja na maji yaliyomjaa. Binafsi naona neno “kukadiria” ndilo la haki hapa, na anayelichukulia jibu la mlinganyo kama ukweli uliothibitishwa anamweka mgonjwa hatarini.

Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 60 ambaye lengo lake ni kilokalori 1,600. Protini hutangulia, kwa kuwa ndiyo inayojenga misuli na kuponya majeraha. Akipewa gramu 80 za asidi amino, ambazo ndizo vijenzi vya protini, yaani takriban gramu 1.3 kwa kila kilo, atapata kilokalori 320. Mililita 250 za mafuta ya asilimia 20 zitaongeza kilokalori 500, na pia zitamkinga na upungufu wa asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Zinabaki kilokalori 780, sawa na gramu 229 hivi za glukosi. Kisha huulizwa: glukosi hiyo itaingia kwa kasi gani? Ikigawanywa kwa saa 24 inakuwa kama miligramu 2.7 kwa kila kilo kwa dakika, chini ya kikomo cha 4 hadi 5 kinachozingatiwa kwa watu wazima. Ikipita kikomo hicho, sukari ya damu hupanda, ini hugeuza ziada kuwa mafuta, na mapafu hulazimika kutoa hewa nyingi zaidi ya kaboni. Maji, madini na vitamini huhesabiwa pia, na mfamasia huangalia kwamba kalisi na fosfeti hazigandi pamoja ndani ya mfuko, kwa maana chembe hizo zimewahi kuua.

Hesabu sasa imekamilika, lakini mgonjwa aliyekonda kwa njaa bado hapewi yote. Wakati wa njaa mwili huishi kwa kuchoma mafuta yake, insulini, homoni inayoingiza glukosi ndani ya seli, hushuka, na akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu iliyo ndani ya seli hupungua, ingawa vipimo vya damu vinaweza kuonekana vya kawaida. Glukosi nyingi ikiingia ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo ndani ya seli, nayo damu hubaki nayo kidogo mno. Moyo huweza kupoteza mapigo yake, misuli ya kupumua hulegea, na vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kuitumia glukosi, huisha haraka. Hali hii ilionekana wazi kwa wafungwa waliokombolewa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambao baadhi yao walikufa baada ya kuanza kula tena. Kwa hiyo mgonjwa wa kilo 40 aliye katika hatari hiyo anaweza kuanza na kilokalori 10 kwa kila kilo, yaani 400 kwa siku. Vitamini B1 hutangulia, madini hupimwa kila siku na kurudishwa, na kiasi huongezwa polepole kwa muda wa siku nne hadi saba.

Mgonjwa mahututi ana sababu nyingine. Katika siku za mwanzo mwili wake huendelea kuzalisha glukosi wenyewe, na ile ya dripu haiuzuii ipasavyo, hivyo kumpa mahitaji yote kwa mshipa ni kumzidishia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Ubelgiji kwa wagonjwa 4,640, ulionyesha kwamba waliocheleweshewa nyongeza ya lishe ya mishipani hadi siku ya nane walipona haraka zaidi, na kupata maambukizi machache, kuliko walioanzishiwa ndani ya saa 48.

Mpango hurekebishwa kila siku kufuatana na sukari, madini, mafuta ya damu, vipimo vya ini na uzito. Utumbo unapoanza kufanya kazi, chakula cha mdomo au cha mrija huongezwa na cha mshipa hupunguzwa, na katheta huweza kuondolewa pale utumbo unapopokea takriban asilimia 60 ya mahitaji.