Namba ya Mbio Haiazimwi

Kila baada ya mbio za bustanini hapa Dodoma malalamiko ni yale yale: "Nimekimbia mpaka mwisho, mbona sipo kwenye matokeo?" Mara nyingi aliyejisajili siye aliyekimbia, au namba ilivaliwa isivyotakiwa.

Namba hutolewa kwa jina, umri, jinsia na umbali wa mhusika. Kijana akivaa namba ya dada yake, mfumo humwingiza kundi la wanawake, na mwanamke aliyestahili nafasi ya tatu anasukumwa ya nne. Ndiyo maana ikibainika, matokeo hufutwa na zawadi hurudishwa. Tafadhali, "nimeshalipia, ni yangu" si hoja. Umelipia nafasi yako wewe ya kukimbia. Ukipata udhuru, wasiliana na waandaaji kabla usajili haujafungwa. Wakiruhusu kubadilisha jina, zibadilishwe taarifa zote, pamoja na simu ya dharura.

Chipu inayokutambulisha kwenye mfumo wa matokeo ni ule utepe mwembamba uliobandikwa nyuma ya namba. Tumia pini nne, moja kila pembe, bila kuutoboa. Ivae kifuani, isikunjwe wala kufunikwa na jaketi au simu: chuma, na hata maji yaliyomo mwilini, hudhoofisha mawimbi, ukapita juu ya mkeka, ule uliotandazwa njiani kusoma chipu, usisomwe. Bustanini, ambako kilomita 5 huwa ni kuzunguka njia ile ile, mkeka ndio unaohesabu mizunguko. Usiposomwa mzunguko mmoja, kwenye mfumo hukuumaliza, hata kama miguu yako inajua vingine.

Sehemu inayoachwa wazi kuliko zote ni mgongo wa namba. Andika kwa wino usiofutika kwa jasho: jina, ugonjwa ulionao, dawa unazotumia, mzio, na simu ya ndugu ambaye hakimbii nawe siku hiyo. Mkimbiaji aliyeanguka akiwa amechanganyikiwa hawezi kujieleza. Huenda ana kisukari na sukari imeshuka. Huenda joto la mwili limevuka nyuzi 40, na huyo apozwe kwa maji baridi palepale kabla ya kupakiwa kwenye gari. Namba ya kuazima inawapa wahudumu historia ya mtu mwingine, na anayepigiwa simu ni mama wa mtu aliyelala nyumbani.

Hewa yetu ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo usijipime kwa fulana iliyolowa. Kunywa unaposikia kiu. Kujilazimisha lita kwa lita nako kunashusha chumvi kwenye damu na kunaweza kuua. Mnaotoka Pwani, mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, anzeni taratibu.

Ukiacha njiani, mwone msimamizi aliye karibu aiandike namba yako. Asiyeandikwa huhesabiwa bado yuko njiani, na watu wa huduma ya kwanza wanaendelea kumtafuta.