Kocha anajenga, au anatupiga chenga?

Kila Jumatatu kwenye vijiwe vya Kaloleni na Ngarenaro hapa Arusha, hukumu hutoka kabla chai haijapoa: kocha abaki, au kocha aondoke. Ushahidi ni mmoja tu, matokeo ya jana. Kwa timu iliyokwisha kukamilika, ushahidi huo una uzito wake. Kwa timu inayojengwa upya, msimamo wa ligi ni miongoni mwa vitu vya mwisho kubadilika. Ukiutegemea peke yake utamtetea kocha anayezama na kumtimua anayeinuka.

Naanza na hesabu ninayoitumia, kwa sababu haihitaji kulipia tovuti ya takwimu. Kalamu na msimamo wa ligi vinatosha. Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38 kwa kila timu. Mechi yenye mshindi hutoa pointi 3, sare hutoa 2. Kwa kuwa takriban robo ya mechi huisha kwa sare, mechi moja hutoa wastani wa pointi 2.75, ambazo timu mbili zinagawana. Kwa hiyo timu iliyofunga sawasawa na ilivyofungwa humaliza na pointi 52 hivi. Juu ya hapo, kila goli moja la tofauti huleta kama theluthi mbili ya pointi. Chukua tofauti ya magoli, zidisha kwa 2, gawanya kwa 3, kisha jumlisha na 52. Ukipata jibu, liweke karibu na pointi halisi. Pengo la pointi tatu au nne ni la kawaida, lipuuze. Likifika nane au zaidi, hapo kuna jambo msimamo haukuambii.

Manchester United ya Erik ten Hag, msimu wa 2022/23: nafasi ya 3, pointi 75, Kombe la Ligi kabatini. Mashabiki wake huku walikuwa wanatembea kifua mbele. Lakini timu ilifunga 58 na kufungwa 43, tofauti ya 15. Hesabu inasema 62. Pointi 13 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye ushindi wa goli moja moja, kwa kipa David de Gea aliyemaliza mechi 17 za ligi bila kuruhusu goli, na kwa Marcus Rashford aliyefunga 17 kwenye ligi. Mtu atasema zile 7–0 walizofungwa na Liverpool kule Anfield mwezi Machi 2023 ndizo zilizoharibu tofauti ya magoli. Sawa, ifute mechi hiyo kabisa: tofauti inakuwa 22, hesabu inapanda hadi karibu 67, na bado kuna pointi 8 zinazoelea. Msimu uliofuata timu ilishika nafasi ya 8, ikafunga 57 na kufungwa 58. Wengi waliona imeporomoka ghafla. Kwangu mimi deni la mwaka uliotangulia lilikuwa limeanza kudaiwa. Na hata hapo ilipata pointi 60 wakati hesabu inatoa 51, kwa hiyo deni halikuwa limeisha.

Geuza upande wa pili. Arsenal ya Mikel Arteta, 2020/21, nafasi ya 8, pointi 61, nje ya mashindano yote ya Ulaya kwa msimu uliofuata. Vijiweni alishazikwa. Ila timu ile ilifungwa magoli 39 tu, na ni Manchester City na Chelsea pekee walioruhusu machache zaidi. Ukuta ulishasimama, kilichokosekana ni paa: walifunga 55. Mjenzi yeyote anajua kipi ni kigumu kati ya hivyo viwili. Misimu miwili baadaye walifunga 88 na kumaliza wa pili kwa pointi 84.

Hesabu hii haitoi hukumu peke yake. Tottenham ya 2024/25 ilimaliza nafasi ya 17 kwa pointi 38, huku ikiwa imefunga 64 na kufungwa 65. Hesabu inasema 51. Kocha wake, Ange Postecoglou, akatwaa Ligi ya Europa mwezi Mei, mwezi Juni akaachishwa kazi. Je, alionewa? Sehemu ya pengo lile ni bahati mbaya, lakini sehemu nyingine ni tabia: timu inayoshinda mechi moja kwa magoli manne na kupoteza tatu kwa goli moja moja huenda haijui kufunga mlango dakika ya 80, na hilo ni somo la kocha. Pengo linakuonyesha mahali pa kuchimba, jembe unashika mwenyewe.

Kwa Ligi Kuu yetu yenye timu 16 na mechi 30, namba ya kuanzia ni 41 badala ya 52. Itumie kwa timu za katikati. Kwa Simba na Yanga inapoteza makali, kwa sababu tofauti ya mfuko kati yao na wengine ni kubwa mno kiasi kwamba kumfunga wa mkiani 4–0 hakukufundishi chochote kuhusu kocha. Wakubwa hawa wapime kwa vitu vitatu: mechi dhidi ya timu nne za juu, mechi za mashindano ya CAF (shirikisho la soka Afrika) ugenini, na pointi za mwaka huu ukilinganisha na mwaka jana. Simba ya 2023/24 ilimaliza ya tatu kwa pointi 69, sawa na Azam iliyoizidi kwa magoli. Kikosi kikafumuliwa, kocha Fadlu Davids akaja na lundo la sura mpya, na 2024/25 wakamaliza na pointi 78 na fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF dhidi ya RS Berkane. Walipoteza mechi mbili tu za ligi, zote kwa Yanga. Shabiki wa Simba mwenye hasira aliita huo msimu wa hovyo kwa sababu kombe la ligi lilikwenda Jangwani, kwa Yanga. Pointi 9 zaidi, ndani ya mwaka mmoja, kwa kikosi kilichokutana Julai, si hovyo hata kidogo. Tatizo lililobaki lilikuwa na jina na anwani: mechi dhidi ya Yanga.

Sasa macho. Kwenye kibanda umiza watu wengi hufuata mpira, na kocha hajifichi kwenye mpira. Tazama urefu wa timu. Timu iliyofundishwa kukabia juu lazima isogee yote: washambuliaji wakipanda kumbana beki wa mpinzani, safu ya ulinzi nayo ipande hadi karibu na nusu ya uwanja, ili kati ya mtu wa mbele na wa nyuma pawe na mita 30 hivi, 35 zikizidi sana. Kipimo rahisi ni kamera kuu ya televisheni. Kama mshambuliaji anakaba na beki wa mwisho haonekani kwenye kioo, timu imerefuka. Huo ndio ugonjwa wa United ya 2023/24: mbele wanapanda, nyuma wanarudi wakiogopa mpira wa kupigwa mgongoni, na kiungo mkabaji anaachiwa shamba zima alime peke yake. Pasi moja tu ya kupita katikati, mpinzani anawakimbilia mabeki uso kwa uso. Walipigiwa zaidi ya mashuti 17 kwa mechi, kwa wastani. Ni kweli Lisandro Martínez na Luke Shaw walikosekana sehemu kubwa ya msimu, na majeruhi wa namna hiyo humvunja kocha yeyote. Lakini ukikosa mabeki wenye kasi unaweza kuamua timu nzima ikabie chini. Kung'ang'ania kupanda nusu na kubaki nusu ulikuwa uamuzi wa benchi.

Kitu cha pili ni goli lililojirudia. Andika kila goli mnalofungwa: limetoka kona, krosi, mpira ulioporwa wakati mnaanzia nyuma (kipa na mabeki wanapojenga shambulizi kwa pasi fupi), au shambulizi la kushtukiza. Baada ya mechi kumi soma daftari. Kocha anayejenga hufungwa magoli ya aina tofauti, kwa sababu anaziba tundu moja jingine linafunguka. Ukikuta sita kati ya kumi na mbili yametoka nguzo ya mbali kwenye kona, na yametapakaa kuanzia mechi ya kwanza hadi ya kumi, basi mazoezini hakuna anayelishughulikia. Kona ndiyo sehemu ya mpira inayofundishika haraka kuliko zote: unampanga nani akae wapi, mpira umesimama, hakuna anayekukimbiza. Kocha asiyeweza kuirekebisha kwa wiki sita sina imani kwamba atarekebisha kilicho kigumu zaidi.

Kuhusu kuanzia nyuma kuna kelele nyingi. Mpira ukiporwa kwenye boksi lenu, kosa ni la kipa, lawama ni ya mfumo, au ni gharama ya kujifunza? Hesabu pande zote mbili: mara ngapi mpira wa kipa umemfikia kiungo aliyegeuka kutazama mbele, na mara ngapi umeporwa ndani ya mita 30 za goli lenu. Uwiano ukipanda mwezi hadi mwezi, vumilia. Ukiganda, mfumo haujaingia vichwani au wachezaji si wa mfumo huo.

Ndiyo maana muda naupima kwa madirisha ya usajili, miezi naiacha. Jürgen Klopp alifika Liverpool Oktoba 2015 na Virgil van Dijk alikuja Januari 2018, dirisha la tano. Arteta aliteuliwa Desemba 2019, na dirisha lililompa Ben White, Aaron Ramsdale, Takehiro Tomiyasu na Martin Ødegaard wa kudumu lilikuwa la nne. Usihesabu wanaoingia tu. Kuwaondoa wenye mishahara mikubwa wasiofaa ni kazi ngumu kuliko kununua: Arsenal ilimwachia Mesut Özil Januari 2021 na Pierre-Emerick Aubameyang mwaka mmoja baadaye, tena bila kuvuna ada ya maana. Kocha anayekuja katikati ya msimu na mfumo wa kigeni, kama Ruben Amorim na 3-4-2-1 yake United Novemba 2024, dirisha la kwanza analipoteza: mechi kila siku tatu, mazoezi ni kunyoosha misuli, na mawinga wanafanywa mabeki wa pembeni kwa maelezo ya ubaoni. Pointi 42 na nafasi ya 15 zilikuwa aibu. Aibu hiyo wagawane kocha na aliyemwajiri wakati ule.

Matarajio yaandikwe Agosti, kabla ya mpira wa kwanza, kwa sababu yakiandikwa Desemba yanafuata hasira. Njia yangu ni kulinganisha mechi ileile: nyumbani dhidi ya timu fulani mwaka jana mlipata pointi 1, mwaka huu 3, mmeongeza 2. Timu iliyoshuka badilisha na iliyopanda. Kwa njia hiyo ratiba ngumu ya mwanzo haikudanganyi. Arsenal ilianza 2021/22 kwa kupoteza tatu mfululizo, ikafungwa 0–5 na City, ikawa mkiani. Ratiba ilikuwa na Chelsea na City ndani ya wiki moja. Walimaliza wa tano.

Kwa timu zetu za Championship, ligi ya daraja la pili, hapa Arusha na Moshi hakuna kampuni inayokuhesabia mashuti, kwa hiyo panda juu kabisa jukwaani, Sheikh Amri Abeid au Ushirika, na daftari lenye safu nne: mashuti yetu ndani ya boksi, yao ndani ya boksi, kona, na aina ya goli. Tenganisha nyumbani na ugenini. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyepanda jana kutoka Tanga au Dar anaweza kuishiwa pumzi dakika 20 za mwisho. Kocha akishinda nyumbani kila mara kuanzia dakika ya 75 na ugenini hapati kitu, huenda anayemsaidia ni mlima. Pia usimlaumu kwa mipira mirefu kwenye uwanja wenye mabonde. Mtazame anavyopanga wa kuokota mpira wa pili, yaani unaodondoka baada ya kugombewa kichwa: kama viungo wawili wamesimama mita kumi nyuma ya anayeruka kichwa, ni mpango. Kama wako mita thelathini, wanabahatisha tu.

Uvumilivu wangu hukoma pale mambo matatu yanapokutana ndani ya mechi kumi: tofauti ya magoli inashuka, goli lilelile linajirudia, na vijana waliokuwa wanapanda wanarudi nyuma. Moja peke yake halitoshi. Desemba 2020 Arsenal ilikuwa ya 15, mechi saba za ligi bila ushindi. Tarehe 26 akaingizwa Emile Smith Rowe nyuma ya mshambuliaji, Bukayo Saka pembeni yake, na Chelsea ikalala 3–1. Msimamo siku hiyo ulikuwa mbaya sana. Vijana walikuwa wanapanda.