Simu haijaua maktaba ya tiba

Mwanafunzi wa udaktari yuko wodini, anatoa simu, anaandika "kifafa cha mimba" kwa Kiingereza, makala zinamiminika. Kisha anakwambia maktaba imepitwa na wakati! Hiyo PubMed aliyoifungua, tovuti ya kutafutia makala za tiba, ni kazi ya maktaba: Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoiweka bure kwa umma mwaka 1997. Akitaka makala nzima ya jarida la kulipia, pengine atapitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Huko inayosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, na nywila mara nyingi iko kwa mkutubi. Yuleyule anayedhaniwa kazi yake ni kupanga vitabu tu.