Korea: nyeupe si rangi ya kifo

Kwa mara nyingine mteja amenitumia lile jedwali la rangi linalozagaa mitandaoni, likidai kwamba nchini Korea nyekundu ni bahati, manjano ni ufalme na nyeupe ni kifo, akanitaka niondoe nyeupe yote katika vifungashio vya chai vitakavyouzwa Seoul. Nimekataa, na naeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa jedwali hilo limeharibu kazi nyingi nzuri.

Msingi wa mambo ni obangsaek, rangi tano za pande: buluu ni mashariki, nyeupe magharibi, nyekundu kusini, nyeusi kaskazini na manjano katikati. Huu ni mpangilio, wala si kamusi. Rangi hupata kazi yake kutokana na mahali ilipowekwa, jirani yake na kitu kilichoibeba.

Nyeupe ndiyo inayonikera zaidi. Kwa karne nyingi Wakorea wa kawaida walivaa nyeupe shambani na sokoni, hata wakajiita watu wa mavazi meupe. Mtoto akitimiza siku 100 hupikiwa baekseolgi, keki ya unga wa mchele iliyoiva kwa mvuke, nyeupe tupu, ya kumtakia usafi na umri mrefu. Fedha za kuwapongeza maharusi hutiwa katika bahasha nyeupe, na rambirambi nazo hutiwa katika bahasha nyeupe vilevile. Kinachozitenganisha ni maandishi ya mbele. Msiba wa zamani ulitambulika kwa kitambaa chenyewe, sambe, kinachofumwa kwa nyuzi za mbangi bila kutiwa rangi, kikavu, chenye umanjano wa majani yaliyokauka, na siku hizi wafiwa wengi huvaa nyeusi. Sisi tunaovaa kanzu nyeupe siku ya Idd, huku tukijua kuwa sanda nayo ni nyeupe, tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Anayetaka kukwepa dalili za msiba na aogope utepe mweusi kwenye picha ya mtu.

Kuhusu manjano, wafalme wa Joseon, dola ya Korea ya zamani, walivaa joho jekundu, na mmoja wao, Gojong, alivaa la manjano alipojitangaza kaisari mwaka 1897. Nyekundu nayo hufukuza mabaya, ndiyo maana uji wa maharagwe mekundu huliwa siku yenye usiku mrefu kuliko zote, lakini jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Jedwali lingeyaweka wapi yote hayo?

Mpangilio huonekana vizuri zaidi katika dancheong, rangi na michoro inayopakwa kwenye mbao za majumba ya kifalme na mahekalu, ambayo pia huzikinga mbao dhidi ya unyevu na wadudu. Nguzo hupakwa wekundu wa udongo wenye kutu, na boriti zilizo kivulini chini ya paa hupakwa kijani. Jongmyo, mahali pa kuwakumbuka wafalme wa Joseon, pametumia nyekundu na kijani hizohizo karibu bila nakshi, na utulivu wake uko mbali kabisa na shamrashamra za kumbi za Gyeongbokgung, jumba la kifalme la Seoul. Malighafi nayo ina neno lake. Lango la Sungnyemun, lango la kale la mji wa Seoul, lilichomwa moto Februari 2008, likafunguliwa tena Mei 2013, na baada ya miezi michache rangi ikaanza kubanduka. Uchunguzi ulibaini kuwa gundi na rangi za viwandani zilichanganywa katika kazi iliyopaswa kufanywa kwa vifaa vya jadi.

Hata hivyo, obangsaek yenyewe hupewa mzigo kupita kiasi. Vitabu husema kuwa bakuli la bibimbap limepangwa kwa rangi tano za pande, nami sishawishiki: karoti, mchicha, kiini cha yai, uyoga na wali vina rangi zake tangu shambani, na mpishi mwenye macho atavipanga vipendeze bila kuuliza mashariki iko wapi.