Amezaa, hainuki: si mgongo uliovunjika

Simu huwa ni ileile: "Daktari, ng'ombe alizaa jana, leo hainuki. Mgongo umevunjika. Mchinjaji ameshafika, tunakusubiri wewe tu." Nikiuliza ni nani aliyeupima huo mgongo, naambiwa hata jirani ameona.

Ameona nini? Uti wa mgongo wa ng'ombe una pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 6 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa sakramu, mfupa mmoja ulio kati ya nyonga, kisha za mkia, 18 hadi 20. Zimefungwa kwa kano nene na kuzungukwa na misuli mizito. Kuzaa tu hakuvunji kitu hicho. Ukiniambia alitumbukia korongoni, au alipandwa na dume zito akiwa mtamba mdogo, nitakuelewa. Lakini ng'ombe wa uzao wa tatu au wa nne, mwenye maziwa mengi, aliyeanguka ndani ya siku 3 baada ya kuzaa, mimi nawaza kwanza homa ya maziwa, hasa akiwa wa aina ya Jersey. Kalsiamu ya damu imekimbilia kwenye maziwa upesi kuliko mwili unavyoweza kuitoa mifupani na kwenye chakula, na misuli iliyokosa kalsiamu haikazi. Ndiyo maana masikio ni ya baridi, pua imekauka, kinyesi hakitoki, na shingo imejikunja, kichwa kimelalia ubavu. Hiyo shingo ndiyo inayowadanganya watu. Wanaona imepinda, wanasema pingili zimetoka. Hazijatoka! Kalsiamu ikiingia mshipani, taratibu, huku nikisikiliza moyo, wengi wao husimama siku hiyohiyo, wengine kabla sijafunga mkoba.

Mgongo uliovunjika kweli una sura nyingine. Jeraha likiwa kiunoni, ng'ombe huwa mzima kwa mbele: anatazama vizuri, anakula, anajikokota kwa miguu ya mbele, ila nyuma kumekufa na mkia umelegea. Minya kwa nguvu ngozi iliyo kati ya kwato za nyuma, halafu usitazame mguu, tazama kichwa. Mguu unaweza kuruka wenyewe hata kama ugwe wa neva, ule unaopita ndani ya pingili, umekatika huko juu. Anayehisi maumivu atageuka au atalalamika.

Kuna na wa tatu, na huyu ndiye anayemalizwa na wenye banda. Alivutwa ndama mkubwa na vijana wenye nguvu, neva zinazopita ndani ya nyonga zikabanwa. Mgongo wake ni mzima, lakini miguu inatawanyika sakafuni. Huyu anahitaji muda na malazi. Mkimwacha nusu siku juu ya saruji, uzito wake mwenyewe utaponda misuli ya paja, na hapo hata kalsiamu haitamwinua. Nasema kila mara na nitasema tena: mchanga au majani makavu, mengi, mgeuzeni upande kila baada ya saa 3 au 4, maji yawe karibu na mdomo. Aliyelala hoi msimnyweshe chochote kwa chupa, iwe soda, magadi au mafuta, kitaishia mapafuni. Na acheni kumsokota mkia ili asimame. Mkia nao ni pingili, na huvunjika.

Sindano ya ganzi ya mgongoni nayo wanasema inalemaza. Naichoma kati ya pingili ya 1 na ya 2 ya mkia, na ugwe wa neva umeshaishia ndani ya sakramu. Ni mililita 5 hivi. Dawa ikizidi, miguu ya nyuma inalegea naye analala, lakini ganzi ikiisha anasimama.

Nundu ya zebu, ng'ombe wetu wa nundu, nayo si mfupa. Ni misuli na mafuta, pingili zinapita chini yake. Ndiyo maana akikonda nundu husinyaa.

Na eti ng'ombe wa maziwa lazima mgongo wake uwe msumeno. Huyo ana njaa, au ana minyoo. Anayekaribia kuzaa, ncha za pingili za kiuno ziwe zimefunikwa, lakini ukibonyeza kwa vidole uzipate. Lusini, yale majani ya malisho yenye kalsiamu nyingi, mpunguzieni wiki 3 za mwisho kabla ya kuzaa, kwa sababu akizoea kalsiamu ya bure kutoka kwenye majani, mwili unachelewa kuichota mifupani siku maziwa yanaposhuka.