Usaili wa Makamu Mkuu wa Chuo: uzito wa vigezo upangwe kabla ya bahasha kufunguliwa

Chukua jopo la watu watano linalosaili waombaji wawili wa nafasi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Wajumbe wanne wanampa mwombaji wa kwanza alama 78 na wa pili 74. Mjumbe wa tano anampa wa kwanza 50 na wa pili 90. Katibu anajumlisha na kugawa: wa kwanza ana wastani wa 72.4, wa pili 77.2. Wanne kati ya watano walimwona wa kwanza kuwa bora, lakini jina linalopelekwa juu ni la wa pili.

Katibu hakukosea hesabu, na huenda mjumbe wa tano alitoa alama zake kwa nia njema kabisa. Shida iko kwenye wastani. Anayetoa alama kwa kuziachanisha sana ana sauti kubwa kuliko mwenzake anayezibana, hata kama kanuni inasema wote wako sawa. Kila mtu anayekaa kwenye jopo angepaswa kuonyeshwa mfano huu kabla ya kukabidhiwa karatasi ya alama.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1770, mwanahisabati Mfaransa Jean-Charles de Borda aliwaeleza wenzake wa Chuo cha Sayansi cha Paris njia ya kuchagua kwa nafasi: kila mjumbe awapange wagombea kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha nafasi hizo zihesabiwe badala ya alama. Kwa jopo letu, mwombaji wa kwanza anashinda kwa nne dhidi ya moja. Njia hii nayo ina upenyo, kwa sababu wagombea wakiwa wengi mjumbe anaweza kumsukumia mkiani yule anayemwogopa. Ndiyo maana mimi hupendelea nafasi zisomwe pamoja na alama ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati alama zote zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Zikitofautiana, jopo lirudi kuzungumza.

Kosa la pili limejificha kwenye vigezo vyenyewe. Tuseme usimamizi wa fedha umepewa alama 30 na machapisho 20. Siku ya usaili, wote wanapata kati ya 24 na 26 kwenye fedha, kwa sababu wajumbe hawakukubaliana alama hizo zina maana gani na kila mmoja amekimbilia usalama. Machapisho yanahesabika, kwa hiyo mmoja anapata 4 na mwingine 18. Kwenye fedha pengo ni alama 2, kwenye machapisho ni 14. Chuo kilitangaza kwamba kinatafuta msimamizi wa fedha, kumbe aliyechaguliwa ni mwandishi wa makala.

Hapo kinachohitajika ni maelezo ya alama, yaandikwe mapema kwa lugha ya kawaida. Mwenye 30 ni nani? Labda ni aliyeongoza kitengo chenye bajeti yake na kupata hati safi ya ukaguzi kwa miaka mfululizo. Mwenye 15 je? Na ambaye hajawahi kusimamia bajeti, mbona apewe 24?

Uzito nao usipangwe kwa kukisia. Njia ya AHP (Analytic Hierarchy Process), iliyobuniwa na mwanahisabati Thomas Saaty katika miaka ya 1970, huwataka wajumbe walinganishe vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Jopo likisema uongozi una umuhimu mara 2 ya fedha na mara 3 ya taaluma, na fedha mara 2 ya taaluma, hesabu inatoa takriban asilimia 54 kwa uongozi, 30 kwa fedha na 16 kwa taaluma. Njia hiyo pia hupima kama majibu yanapingana. Kipimo hicho cha kupingana kikipita 0.10, kauli za jopo zitazamwe upya. Ninachoithamini zaidi ni mabishano inayoyaleta mezani wakati bado hakuna jina lililosomwa. Majina yakishajulikana, kila hoja ya uzito inakuwa hoja ya mtu.

Uadilifu usiwekwe kwenye jedwali la alama hata kidogo. Ukiupa asilimia 20, umekubali kwamba aliyethibitika kufanya wizi wa kitaaluma anaweza kufidia kwa ufasaha wa kujieleza. Uwe mlango: asiyepita hasailiwi.

Nchini Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inaitaka Seneti ipendekeze watu watatu, Baraza la Chuo litoe pendekezo lake kutoka miongoni mwao, na Mkuu wa Chuo ndiye ateue. Mfumo wa namna hii unalihitaji sana jedwali lililo wazi, kwa kuwa anayeamua mwishoni hakuwepo chumbani. Kumpelekea majina matatu na jumla tatu hakutoshi. Apelekewe pia jaribio la uzito: fedha ikipanda kutoka 30 hadi 35, je, wa kwanza anabaki wa kwanza? Akibaki, jopo liseme hivyo. Akishuka, liandike kwamba wawili hao wanakaribiana mno kutenganishwa kwa alama, na lieleze kwa maneno kila mmoja ataanzia wapi akikabidhiwa chuo.