"Ng'oa yote, niwekee mapya": dhana potofu kuhusu meno ya taya zima

Jumatatu wiki hii mzee mmoja amekaa kwenye kiti changu, kavua kofia, kaiweka mapajani, kisha kaniambia: "Daktari, nimechoka na haya. Ng'oa yote, niwekee mapya. Hata wewe kazi itakuwa nyepesi, hutakuwa na jino la kukukwaza."

Juu alibakiwa na mizizi tu. Chini alikuwa na meno sita, na kati ya hayo mawili ni chonge zilizosimama imara kama mlingoti. Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba unisikilize kwanza kabla sijashika koleo." Maneno hayo nayasema karibu kila wiki, kwa wazee na kwa vijana, na kila wiki naona mtu anashangaa. Watu wengi wanaamini kwamba taya tupu ni kama kiwanja kilichosafishwa, unajenga unavyotaka. Naomba niliandike hapa mara moja kwa kirefu, maana imani hii imewaponza watu wengi kuliko kuoza kwenyewe.

Anayetengeneza jino moja ana majirani wa kumwelekeza. Jino la kushoto linampa urefu, la kulia linampa rangi, la taya la pili linampa mahali pa kuumana. Kosa lake likizidi, ni la jino moja. Ukishang'oa yote, mashahidi wote wameondoka. Fundi wa maabara anapokea plasta yenye umbo la fizi, na fizi haisemi uso wako ulikuwa na urefu gani ulipofunga mdomo. Haisemi mstari wa katikati ulipita wapi, wala meno ya mbele yalisogea mbele kiasi gani kushikilia mdomo wa juu, wala taya la chini linatulia wapi likirudi nyumbani kwake. Hayo yote inabidi tuyatafute upya, kwa nta na kwa macho, kwa mtu ambaye amezoea kutafuna kwa fizi miaka miwili na taya lake limejifunza kwenda upande.

Chukua kimo cha uso peke yake. Ukitulia, midomo imegusana, meno ya juu na ya chini hayagusani. Kwa watu wengi hapo pana nafasi ya milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ndiyo pumzi ya misuli ya taya. Nikikujengea meno marefu nikaimeza, yatagongana kila ukiongea, fizi zitauma na misuli itachoka kabla ya chakula cha mchana. Nikikujengea mafupi, kidevu kitakimbilia pua, pembe za mdomo zitakunjika, mate yatatuama humo na kutengeneza vidonda visivyopona kwa mafuta ya aina yoyote. Kati ya kosa hili na lile ni milimita chache tu.

Sasa nizipate vipi milimita hizo kinywani pasipo na jino hata moja? Mwezi uliopita nilikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nilimwekea matuta ya nta juu na chini, nikamwomba ahesabu kuanzia sitini hadi sabini na saba. Akisema "sitini na sita", matuta yalikuwa yanagusana, nta kwa nta, na sauti ya "s" inatoka nzito. Nikaikwangua nta ya chini kwa kisu cha moto, kidogo kidogo, akahesabu tena, na tena, mpaka "sitini na sita" ikapita na upenyo mwembamba ukaonekana katikati. Kisha nikamwomba aseme "fisi alifuata fahali". Kwenye "f" ncha za meno ya mbele ya juu zinatakiwa zimguse mdomo wa chini pale ngozi kavu inapokutana na unyevu; yeye zilikuwa zinamkanyaga kwa ndani. Tukasogeza mbele. Tulitumia karibu saa nzima, na mwanawe pale nje akawa anauliza kwa nini kupima tu kunachukua muda wote huo. Hicho kipimo ndicho kazi yenyewe. Kumwaga akriliki, ile plastiki ngumu ya meno ya bandia, ni hatua ya mwisho na ndiyo nyepesi kuliko zote.

Kwa hiyo nikikwambia njoo mara tano au zaidi, sikuzungushi. Kuna kipimo cha kwanza, kuna treyi inayotengenezwa kwa ajili ya kinywa chako wewe, kuna kipimo cha pili cha kingo za fizi na mikunjo ya mashavu, kuna matuta ya nta, kuna siku ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Siku hiyo ya nta njoo na mtu anayekupenda na asiyeogopa kukuambia ukweli. Meno yakiwa kwenye nta nayasogeza kwa dakika moja. Yakishapikwa kwenye akriliki, kuyasogeza ni kuanza upya.

Jambo la pili ambalo "ng'oa yote" inalisahau ni mfupa. Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Meno yakitoka, unaanza kuyeyuka, kwa kasi kubwa zaidi mwaka wa kwanza, na hausimami maisha yote. Utafiti uliochapishwa 1972, uliofuatilia watu wenye seti nzima ya meno ya bandia kwa miaka 25, ulionyesha kuwa sehemu ya mbele ya taya la chini hupungua karibu mara nne ya taya la juu. Ndiyo maana malalamiko ni yaleyale: "La juu halina shida, daktari, la chini linaelea." La juu lina paa zima la kinywa la kujinata. La chini lina ukingo mwembamba, ulimi unasukuma ndani, shavu linasukuma nje.

Na hapo ndipo nang'ang'ania zile chonge mbili. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watu walioachiwa mizizi ya chonge za chini, meno ya bandia yakikaa juu yake, na watu waliong'olewa yote. Baada ya miaka 5, wenye mizizi walikuwa wamepoteza wastani wa milimita 0.6 za mfupa mbele ya taya la chini. Waliong'olewa walipoteza 5.2. Ndugu msomaji, milimita 5 kwenye taya la chini la mtu mzima ni tofauti kati ya meno yanayokaa na meno yanayoishia kwenye kabati. Mizizi tunaitibu, tunaikata ifikie usawa wa fizi, tunaifunika, na meno yanakaa juu yake kama sufuria juu ya mafiga. Inahitaji kupigwa mswaki kila siku, hilo silifichi, ukiipuuza itaoza. Lakini usikubali chonge imara ing'olewe kwa sababu tu "zimebaki mbili, za nini". Uliza. Ukijibiwa kwa haraka, tafuta daktari wa pili.

Ushauri wangu mwingine, ambao wagonjwa huuona wa ajabu mpaka wauone unavyofanya kazi: njoo na picha ya zamani uliyocheka meno yakionekana. Ya harusi, ya mahafali, yoyote, mradi uso umeelekea kamera. Yule mwalimu alileta picha ya harusi ya mwaka 1983, imepauka pembeni. Kwenye picha, kati ya mboni na mboni palikuwa milimita 12. Usoni kwake mwenyewe ni 60. Maana yake kila kitu kwenye picha ukizidisha mara tano unapata halisi. Jino la mbele pichani lilikuwa milimita 1.7, kwa hiyo tukachagua la 8.5. Na alikuwa na mwanya, nao tukaurudisha. Alipojiona kwenye kioo alinyamaza, kisha akasema, "Huyu ni mimi." Na kama una seti ya zamani, hata imevunjika, hata huipendi, usiitupe. Ina kumbukumbu ambazo fizi hazina.

Kwa wenzetu wa Arusha, Meru na kwingine kwenye Bonde la Ufa, hadi upande wa Kenya, "ng'oa yote" huja kwa sababu nyingine: "Meno yangu yameoza yote, tazama yalivyo ya kahawia." Mara nyingi hayajaoza hata kidogo. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji uliyokunywa utotoni wakati meno yanajengeka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na chemchemi za huko zenye zaidi ya hapo. Doa liko kwenye tabaka la nje, na mzizi na mfupa viko salama. Kuna kusugua tabaka la juu kwa dawa, kuna kung'arisha, kuna kupaka rezini, na walioathirika sana kuna kuvisha. Kung'oa meno 28 yenye mizizi mizima kwa sababu ya rangi, kwa kijana wa miaka 25, ni jambo ambalo sitalifanya kwa pesa yoyote. Kijana huyo ana miaka 50 mbele yake ya kuyeyuka mfupa.

Nije kwenye vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazopandwa mfupani ili zibebe meno, maana siku hizi ndivyo vinavyoulizwa sana.

"Mfupa wangu ni mwingi, kwa hiyo mimi kazi yangu ni rahisi." Hii huwakwaza hata madaktari wachanga. Daraja la taya zima, yaani safu ya meno iliyoungana inayofungwa kwa skrubu juu ya vipandikizi, linahitaji nafasi: kipandikizi kinatoka mfupani, juu yake kuna kiungio, kisha fremu, kisha fizi ya bandia, kisha jino lenyewe. Kwa daraja la akriliki juu ya chuma tunatafuta takriban milimita 15 kutoka mfupani hadi ncha ya jino. Zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe, huridhika na pungufu kidogo ya hapo. Mtu aliyeng'olewa jana ana mfupa mrefu na hana nafasi hiyo. Ukilazimisha, utapata daraja jembamba litakalopasuka. Hivyo wakati mwingine tunapunguza mfupa, na uamuzi huo unatokana na mahali meno yatakaposimama, wala si mahali mfupa ulipo. Ndiyo maana nitakuomba ucheke sana kabla ya kukupiga picha yoyote: mdomo ukipanda juu ya mpaka kati ya fizi yako na fizi ya bandia, mstari ule utaonekana kwenye kila picha utakayopigwa maisha yako yote. Anayeanza kutoboa kabla hajajua jino litakaa wapi anatafuta tatizo ambalo fundi hawezi kulificha.

"Kila jino kipandikizi chake." Hapana. Vinne hadi sita hubeba taya zima vikipangwa vizuri, vya nyuma vikilazwa kwa mshazari ili vikwepe mshipa wa fahamu chini au uwazi wa shavu juu. Kinachopimwa ni umbali kati ya cha mbele na cha nyuma, kwa sababu umbali huo ndio unaoamua magego yaning'inie kwa urefu gani bila nguzo.

"Siku moja, imekwisha." Meno unayoondoka nayo siku ile ni ya muda, tena tunayafunga ikiwa tu vipandikizi vimeng'ata mfupa kwa nguvu ya kutosha. Per-Ingvar Brånemark, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, vipandikizi vya titani kule Sweden mwaka 1965, alikuwa akiviacha chini ya fizi miezi mitatu taya la chini na sita taya la juu kabla ya kuvigusa. Sasa tunaweza kuharakisha meno. Mfupa bado una mwendo wake. Kwa miezi hiyo ya mwanzo kula uji, ndizi laini, samaki. Wengi wanaorudi kwangu na kipandikizi kinachocheza walikula muhindi wa kuchoma au muwa wiki ya pili.

"Zirkonia haivunjiki." Inavunjika ikiwa nyembamba au ikining'inia sana, na akriliki iliyokatika naitengeneza mchana uleule wakati zirkonia iliyopasuka inaanza upya. Ikumbukwe pia kwamba huchongwa kubwa kisha husinyaa kama asilimia 20 kwenye tanuri la nyuzi joto karibu 1500. Fundi asiyejua tanuri lake anaharibu kazi nzima.

"Sasa ni skana, kosa haliwezekani." Skana ya kinywani, kamera inayopima badala ya plasta, huunganisha vipicha vidogo vidogo, na kwenye fizi tupu isiyo na alama, kosa dogo la kila kiungo hujumlishwa kutoka gego la kulia hadi la kushoto. Ninaitumia na ninaipenda. Lakini daraja likirudi, ninafunga skrubu moja tu ya mwisho upande mmoja na kutazama upande wa pili. Likiinuka hata kwa unene wa unywele, nalikata na kuliunganisha upya. Silikazi kwa nguvu mpaka likae, kwa sababu mfupa ndio utakaolipa.

Nirudi kwa wenye meno ya kuvua. "Nilitengenezewa 2009, bado ni mazima." Meno ni mazima, taya si lile. Njoo yajazwe upande unaokaa kwenye fizi kabla hayajakuchuna, na acha kuongeza gundi kila mwaka.

Na la kulala na meno ya bandia kinywani. Vua, sugua kwa brashi na sabuni laini, weka kwenye maji. Wajapani walifuatilia wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi, matokeo yakachapishwa 2015: waliolala na meno ya bandia walipata nimonia takriban mara mbili ya waliovua. Mzee wa Jumatatu nilipomweleza hili alisema anaona aibu mkewe amwone bila meno. Nikamwambia amlete mama siku ya nta, akae naye pale. Chonge zake zimebaki. Wiki ijayo tunatibu mizizi.